Kadhi Aliyeacha Kiti: Sayyid Ahmad bin Sumayt na Hesabu Yangu ya Uzamivu



Kila nikija Mbale kuwatembelea hukutana na swali lile lile. Safari iliyopita aliniuliza binti mmoja wa mwaka wa tatu, nje ya msikiti wa chuo baada ya Alasiri. Alitaka kujua kama inafaa mtu aendelee kusoma mpaka shahada ya uzamivu, au atafute kazi, aolewe, asaidie nyumbani. Nilimjibu juu juu tu. Ukweli ni kwamba swali hilo nami nilikuwa nalo ndani ya mkoba, limo kwenye bahasha, na nilikuwa nimelibeba hivyo kwa wiki tatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari huko Jinja. Nilizaliwa Walukuba, na mama yangu anauza dagaa, mukene kama tunavyowaita, pale Masese ziwani. Shahada zangu mbili nilizipata hapa hapa Mbale. Nina umri wa miaka 34, mume, na binti wa miaka mitatu, Shamimu. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na barua ya chuo kimoja cha Unguja kunikubali kusoma uzamivu wa Kiswahili kwa miaka minne. Ada ingepunguzwa, lakini mshahara wangu hapa ungesimama, maana likizo niliyoweza kupata ni ile isiyo na malipo.

Nilifanya anavyofanya mwalimu yeyote: nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto niliandika nitakachokosa. Shilingi 950,000 kwa mwezi, mara miezi 48, ni shilingi 45,600,000. Hapo sijaweka masomo ya jioni ninayofundisha, wala ada ya mdogo wangu aliyeko kidato cha tano, wala kiwanja cha Bugembe tunachokilipia kidogo kidogo. Wanauchumi wanasema kwamba gharama ya jambo haiishii katika pesa unazotoa. Na kile unachokiacha ili ulifanye nacho ni gharama. Upande wa kulia niliandika neno moja, Daktari, nikabaki nalitazama. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na sisi wa lugha hatufiki nusu yake. Nikirudi shuleni na cheti cha uzamivu, somo langu litakuwa lile lile na ubao ule ule.

Jirani yetu mmoja, Hajji mstaafu ambaye hupenda kunikosoa Kiswahili changu, aliposikia habari hizi hakunipa ushauri. Alinipa kitabu. Ni kile cha Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki. Nilikisoma ndani ya taksi, barabara ya Tirinyi, kuanzia Iganga mpaka Kamonkoli, nikiwa nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye magunia. Humo ndimo nilimokutana na Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wenu jina lake mmelisikia. Mimi nililisikia tangu utotoni katika madrasa ya Jinja, lakini sikujua kwamba mtu huyu aliwahi kukaa mbele ya daftari kama langu. Tangu siku ile nimesoma habari zake kila nilipozipata.

Alizaliwa Itsandraa, kisiwa cha Ngazija, mwaka 1861. Baba yake alikuwa sharifu wa ukoo wa Hadhramaut, kutoka Shibam, mfanyabiashara na nahodha aliyekuwa pia mwanachuoni. Kwa mwalimu huyo wa kwanza, baba mzazi, alipata elimu yake ya mwanzo. Baba alifariki Ahmad akiwa bado kijana mdogo, na masomo yakaendelea kwa walimu wengine wa Ngazija na Unguja. Na kama baba yake, alishika chombo. Alikuwa nahodha na mfanyabiashara kabla hajawa kadhi, mtu aliyejua nyota za kusafiria na pepo za kaskazi na kusi.

Hapa nilifunga kitabu kwa muda, maana niliona jambo ambalo sikulitarajia. Kwa mtu wa bahari wa zama zile, biashara na elimu vilipanda jahazi moja. Alipeleka bidhaa, akashuka bandarini, akamtafuta mwalimu, akasoma naye kitabu, na upepo ulipogeuka akarudi na faida ya bidhaa na faida ya kitabu. Elimu yenyewe haikuwa na siku ya mahafali. Mwalimu akiridhika nawe anakupa ijaza, yaani idhini ya kufundisha kitabu fulani au fani fulani kama yeye alivyofundishwa na mwalimu wake, na huyo na wake, mpaka kwa mtunzi. Ilipatikana kwa mtu mmoja mmoja, kitabu kwa kitabu, na unaweza kuikusanya maisha yako yote huku unauza nguo. Uzamivu wetu unakutaka ushuke kwenye chombo kabisa, ukae nchi kavu miaka minne, na chombo kiende bila wewe. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu hesabu zetu zinauma kuliko zao.

Lakini naye ulifika wakati wa kushuka. Karibu na mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, alikwenda Hadhramaut, nchi ya wazee wake, akasoma kwa masharifu wa huko. Hiyo ilikuwa safari ya kijana asiye na cheo, na sitaitazama sana. Wengi wetu tumeshaifanya safari kama hiyo tulipokuja hapa Mbale tukiwa hatuna cha kupoteza.

Aliporudi, mnamo 1883, Sayyid Barghash alimfanya kadhi. Fikiria jambo hilo. Unguja ya wakati ule ilikuwa mji mkubwa wa biashara katika pwani yote hii, na Barghash alikuwa akilijenga Beit al-Ajaib. Masultani walikuwa Maibadhi na raia wengi walikuwa Mashafii, kwa hiyo palikuwa na makadhi wa pande zote mbili, na kadhi wa Kishafi ndiye aliyeamua ndoa, mirathi na wakfu za watu wengi mno. Kijana wa miaka 22 anakalia kiti hicho. Kwa lugha ya siku hizi, amepata ajira ya kudumu. Angeweza kukaa hapo mpaka mwisho wa umri wake bila ya kusoma kitabu kingine, na asingelaumiwa na mtu.

Mwaka 1885 aliondoka, akaenda Istanbul.

Nilitamani sana kuwaambia kwamba aliondoka kwa mapenzi ya elimu tu. Makala zetu hupenda kusema hivyo. Lakini kulikuwa na kutoelewana kati yake na Sayyid Barghash, na Barghash hakuwa mtu wa kuchezewa. Mwanachuoni mwingine mkubwa, Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa, alitiwa gerezani na Barghash kwa ajili ya mafundisho yake, na hakutoka ila mtawala huyo alipofariki. Tena miaka yenyewe ilikuwa mibaya, Wajerumani wamekwisha anza kumega bara, na ikulu ya Unguja ilikuwa na wasiwasi. Basi kijana wetu aliondoka kwa sababu mbili kwa pamoja: alikuwa na pa kwenda kusoma, na alikuwa na cha kukimbia.

Ukurasa huo ndio ulionifanya nijitazame. Hesabu ya daftari langu ilikuwa na uwongo ndani yake. Sikuwa nimeandika kwamba nimechoka. Nimechoka na madarasa ya wanafunzi themanini, na vikao vya walimu, na kusahihisha kwa taa ya simu. Kwenda Unguja kulikuwa pia kutoroka. Sioni kama hilo ni aibu, maana Ibn Sumayt naye alikuwa nalo, lakini ni vizuri mtu aliandike mahali pake. Anayekimbia tu, akifika anakokwenda humkuta mtu yule yule aliyemkimbia, na kazi ya tasnifu haina huruma kwa mtu wa namna hiyo.

Huko Istanbul alifikia kwa Sayyid Fadhl bin Alawi bin Sahl, ambaye watu walimwita Fadhl Pasha. Huyu alikuwa sharifu wa Malabar aliyehamishwa na Waingereza kutoka India mwaka 1852, akatawala Dhofar kwa muda katika miaka ya 1870, kisha akaishi katika mji mkuu wa Waturuki karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili. Ibn Sumayt alisoma kwake, akaona dunia jinsi inavyoonekana kutoka makao makuu ya dola, na Sultani akampa nishani ya Majidi. Kutoka hapo alipita Misri, akakutana na wanavyuoni wa Azhar, akafika Makka. Naambiwa nisirefushe, lakini jaribuni kuiona ramani hiyo: Ngazija, Unguja, Hadhramaut, Istanbul, Kairo, Makka, na hajafika miaka thelathini. Mimi mbali kabisa nilikowahi kwenda ni Nairobi.

Mwaka 1886, ndani ya miaka hiyo ya safari, mwanawe Umar alizaliwa Itsandraa.

Habari hiyo imetajwa kwa mstari mmoja, kisha kitabu kinaendelea na orodha ya walimu. Mimi sikuendelea. Taksi ilikuwa imefika kwenye daraja la mto Mpologoma, na nilikuwa nawaza juu ya mwanamke aliyeko Itsandraa na kitoto mkononi. Katika orodha ya waliomfanya Ibn Sumayt kuwa Ibn Sumayt wamo masharifu, mapasha na masheikh wa Azhar, na yeye hayumo. Lakini miaka ile mitatu alishiriki kuilipia. Ukitaka kujua gharama ya kilichoachwa, usiulize tu umeacha nini. Uliza umemwachia nani. Umar huyo baadaye naye akawa mwanachuoni mkubwa, akakaa katika ukadhi mkuu wa Unguja, kwa hiyo hatuwezi kusema nyumba iliharibika. Hata hivyo mtoto haleti hesabu yake kwa namna hiyo. Shamimu hanijui kama msomi. Ananijua kama mtu anayemsuka nywele Jumapili.

Barghash alifariki Machi 1888. Ibn Sumayt akarudi Unguja mwaka huo huo, na chini ya mtawala mpya, Sayyid Khalifa, akarudishwa ukadhi.

Tafadhali tulia hapo kidogo, ewe unayefikiri kwamba uzamivu ni ngazi ya kupandia. Alirudi kwenye kiti kile kile. Aliondoka kadhi, akarudi kadhi. Mtu mwenye daftari kama langu angesema amepoteza miaka mitatu ya ujira na ameleta nishani ya kutundika. Kwa hesabu ya cheo, safari ile haikuongeza hata sumni.

Kilichobadilika ni kile kilichotokea kukizunguka kiti hicho. Watu walianza kuja. Wa kwanza wa kutajwa ni Sheikh Abdalla Bakathir, mtu wa Lamu, ambaye alikuwa na umri sawa naye kwa hakika, amezaliwa 1860, na hakuona tabu kukaa mbele yake kama mwanafunzi. Bakathir hakuwa na ukoo wa masharifu wala chombo cha baharini. Alichopata kwa Ibn Sumayt ni kile ambacho Ibn Sumayt alikipata kwa kuzunguka nusu ya dunia, na alikipata Unguja, kwa kutembea kwa miguu kutoka nyumba moja hadi nyingine. Na ilipofika 1897 Bakathir mwenyewe akasafiri kwenda Hadhramaut, alikwenda na barua za mwalimu wake, na milango ikafunguka. Aliporudi aliendeleza madrasa pale Ukutani ambayo ilisomesha vizazi na vizazi.

Wengine walifuata. Sheikh Burhan Mkelle wa Ngazija alisoma kwake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mtoto wa yule Sheikh Ali aliyefungwa, alisoma kwake na kwa Bakathir, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na akaanza kuandika dini kwa Kiswahili chepesi, katika magazeti yake na katika vijitabu. Mwalimu wangu wa madrasa pale Jinja, miaka ya tisini, alikuwa na kijitabu cha namna hiyo kilichochakaa, kimefungwa kwa uzi, na ndicho kilichonifundisha kwamba lugha hii inaweza kubeba jambo zito. Kwa hiyo kama nakwenda Unguja kusoma Kiswahili, basi nyuma yangu kuna Sheikh Al-Amin, na nyuma yake yuko nahodha aliyeacha kiti chake mwaka 1885. Sikuwa nimelijua hilo mpaka nilipofika Kamonkoli.

Ukadhi wake wa pili haukuwa wa raha. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya Waingereza, na mahakama zikabadilika. Majaji wa Kiingereza wakakaa pamoja na makadhi. Kadhi wengi wangeliona hilo kama mwisho wa heshima yao. Ibn Sumayt alibaki. Majaji hao wageni walimtegemea katika sheria ya Kishafi, kwa sababu alikuwa na ujuzi ambao hawakuweza kuupata mahali pengine, na alijua pia, tangu Istanbul, jinsi dola kubwa zinavyofikiri. Alitunga vitabu, kimoja kikieleza istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho kila kadhi wa Kishafi alikuwa nacho mkononi na wengi waliishia kubabaika katika lugha yake. Nakipenda kitabu hicho hata kabla ya kukisoma, kwa sababu ni kazi ya mwalimu: ameona wanafunzi wanajikwaa wapi, akaenda akaondoa jiwe.

Alikaa katika kiti hicho mpaka alipofariki tarehe 7 Mei 1925. Bakathir alikuwa ametangulia wiki chache tu kabla yake. Unguja ikapoteza wote wawili katika mwaka mmoja.

Tuhesabu sasa, kwa sababu nilikuja kuhesabu. Miaka mitatu nje, kisha miaka 37 kazini. Hiyo ndiyo hesabu yake. Yangu ni tofauti. Mwalimu wa serikali hapa Uganda anastaafu akiwa na miaka 60. Nikienda sasa nikamaliza kwa wakati nitakuwa na 38, nitabaki na miaka 22. Nikichelewa, kama wanavyochelewa wengi, tuseme 40, nitabaki na 20. Si 37, lakini si chache. Kama ningekuwa na miaka 50 nadhani ningeiweka bahasha ile ndani ya sanduku, nikaendelea kusoma mwenyewe kwa raha zangu. Na kama ningekuwa nataka cheo tu, ningesoma uongozi wa shule, njia fupi na rahisi zaidi.

Swali lililobaki ni la Bakathir: nani atakuja kukaa mbele yangu nikirudi? Hapa kwetu mashariki ya Uganda, walimu wa Kiswahili ni wachache, na tangu mtaala mpya wa sekondari wa 2020 kila shule inawatafuta. Baraza la mawaziri nalo mwaka 2022 liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ila walimu wa kuwafundisha walimu hao ndio shida. Mtoto wa Namutumba au wa Bududa anayetaka kwenda mbali katika lugha hii inambidi avuke mpaka, kama mimi. Wengi hawawezi. Hilo nililiandika upande wa kulia, chini ya lile neno Daktari, kisha neno lenyewe nikalifuta.

Nilimwonyesha mume wangu ukurasa huo. Alisoma kimya, akaongeza mstari mmoja upande wa kushoto kwa mwandiko wake mbaya: Itsandraa. Nilikuwa nimemsimulia. Tukazungumza mpaka usiku, tena siku ya pili na ya tatu, na mama akaitwa kutoka Masese akakaa nasi kwenye mkeka. Haikuwa mazungumzo mepesi na sitawaandikia yote.

Tulipoishia ni hapa. Kiwanja cha Bugembe tumekiuza. Ada ya mdogo wangu ya miaka miwili imetengwa kwanza, kabla ya nauli yangu. Mume wangu anabaki na kazi yake kiwandani na atakuja Unguja akipata likizo. Shamimu nakwenda naye. Chuo niliwaandikia kwamba ninakuja na mtoto, na kwamba mwaka wa pili nitaomba kukusanya data zangu huku kwetu, kati ya Jinja na Mbale, wamekubali.

Yule binti wa mwaka wa tatu alitaka jibu la ndiyo au hapana, na bado sina la kumpa. Nimemwazima kitabu cha Hajji, kwa sharti akirudishe kwa mwenyewe. Yeye ana miaka 22, umri wa Ibn Sumayt alipopewa kiti mara ya kwanza, na kwao ni mtoto wa pekee.

Basi la Nairobi linapita Jinja usiku. Mama amekwisha kausha dagaa wa safari, mfuko mzima, na nimeshindwa kumwambia kwamba Unguja wana dagaa wao.